Mtoto ameshiba, ao amechoka tu?

Mvua ikianza huku Kolwezi, mama anaamka mapema kwenda shambani, ao kuosha mawe mtoni, na mtoto anabaki na nkambo ao yaya yake. Jioni mama anauliza: "Alikula?" Wanamjibu: "Alikula, tumbo limejaa." Lakini tumbo kujaa ni jambo moja, kushiba ni lingine.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Akishiba anaacha ziwa mwenyewe, ngumi zake zinafunguka, mwili unalegea. Baada ya wiki ya kwanza, akikojoa mara 6 ao zaidi mchana na usiku, na kilo yake inapanda kila mwezi, basi anapata ya kutosha. Lakini yule anayenyonya kidogo na kulala kila mara, na kilo haipandi, huyo hakushiba. Amechoka. Mpunguzie nguo, mwamshe, mrudishe ziwani. Wala usingoje alie: kunyonya ngumi na kugeuza kichwa kutafuta ziwa vinatangulia kilio.

Miezi 6 ikitimia uji unaanza, pamoja na ziwa. Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Uji mwepesi wa unga wa bukari, maji mengi, unajaza tumbo upesi. Mtoto anafunga kinywa, kumbe amejaa maji. Uji mzuri haumwagiki upesi kwenye kijiko. Tia unga wa soya, karanga zisizo na ukungu zilizotwangwa laini, ao ndagala za kutwanga. Kwa hiyo mbele ya kuuza magunia yote mjini, tuweke kando fungu la mtoto. Miezi 6 mpaka 8 anakula mara 2 ao 3 kwa siku, pole pole mpaka nusu kikombe. Kuanzia miezi 9, mara 3 ao 4.

Mtoto ambaye angali na njaa anafuata kijiko kwa kinywa wazi. Aliyeshiba anageuza uso, anasukuma mkono wako. Ngoja kidogo, jaribu tena mara moja, kisha acha. Kumbana pua ili ameze ni hatari kabisa, uji unaweza kuingia mapafuni. Akikataa ziwa na uji vyote, ao ana homa, mpeleke kituo cha afya siku ile ile.

Yaya wa miaka 8 hajui haya yote. Mwonyeshe mbele ya kutoka, na umwachie sahani ya mtoto peke yake, jioni utaona alibakiza kiasi gani.