Boti ya jeti iliyotumika: Chunguza pampu, usihadaike na rangi

BOTI ya jeti iliyokwisha kutumika humvutia mnunuzi kwa mambo mawili: bei nafuu kuliko ya boti mpya, na kasi yake majini. Hata hivyo, vyote ving'aavyo si dhahabu. Anayekusudia kutia akiba yake katika chombo hiki hana budi kujiuliza kwanza: nitakitumia katika maji ya aina gani?

Swali hilo lina msingi katika historia. Boti hii ilistawishwa miaka ya 1950 na William Hamilton, mkulima na mhandisi wa New Zealand, ili ipite katika mito ya kwao yenye maji haba na mawe mengi, ambako rafadha ya motaboti ya kawaida ingevunjika. Mnamo 1960, boti za aina hiyo zilipanda Mto Colorado nchini Marekani, zikakabili mkondo mkali wa Grand Canyon.

Badala ya kuzungusha rafadha nje, injini huendesha pampu inayofyonza maji kupitia wavu wa chuma chini ya boti na kuyarusha nyuma kwa nguvu. Msukumo huo ndio uendeshao chombo, na usukani hugeuza mwelekeo wa maji hayo. Kwa kuwa hakuna mapanga yanayochomoza chini, boti ikishika kasi hupita hata pale maji yasipofika magotini.

Lakini ubora huo ndio pia chanzo cha udhaifu wake. Pampu hufyonza chochote kilichomo majini. Katika Ziwa Victoria upande wa Kisumu, ambako gugumaji hutanda mara kwa mara, wavu huweza kuzibwa na boti ikakwama. Mchanga nao husaga mapanga ya pampu, ilhali maji ya chumvi ya Pwani hula sehemu za alumini zisipotunzwa. Aidha, katika mwendo wa polepole boti ya jeti hula mafuta mengi kuliko ya rafadha. Kwa mvuvi au msafirishaji wa mizigo, basi, rafadha ndiyo yenye nafuu.

Anayeona kwamba jeti inamfaa na aikague ikiwa nchi kavu. Amulike kurunzi ndani ya pampu: kingo za mapanga zisiwe zimebunguka, na nafasi kati ya mapanga na pete inayoyazunguka iwe nyembamba mno. Akiutikisa mhimili ukachezacheza, beringi zimekwisha. Agonge pia ubao wa nyuma unaoshikilia pampu. Mlio mzito usio na mwangwi huashiria mbao zilizooza ndani ya faibaglasi.

Kisha boti iingizwe majini ikiwa na uzito wa abiria inaotarajiwa kubeba. Injini ikinguruma sana ilhali mwendo ni mdogo, huenda pampu imechakaa, imeziba au inafyonza hewa. Mnunuzi aulize bei ya pampu na vipuri vyake kabla ya kupatana bei ya boti, maana gharama hiyo huweza kumeza nafuu yote aliyodhani ameipata.

Usalama nao usipuuzwe. Nahodha aliyezoea rafadha hupunguza moto aonapo hatari, lakini katika boti ya jeti hatua hiyo hudhoofisha usukani, kwani maji yanayogeuza chombo hayarushwi tena kwa nguvu. Vilevile, mvuke wa petroli hujikusanya katika chumba cha injini na huweza kulipuka. Feni ya kuutoa sharti ifanye kazi kabla ya injini kuwashwa.

Mwisho, stakabadhi za umiliki zilingane na nambari za boti na injini, na mnunuzi apate maelekezo ya usajili na ukaguzi kutoka kwa halmashauri inayosimamia masuala ya ubaharia nchini, KMA. Muuzaji akikataa boti isijaribiwe majini, mnunuzi na abaki na fedha zake.