Kabla ya kuformate ordinatere yako, jua kwanza leseni yake iko wapi



Tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuitunza Windows 10. Ndio maana mashini nyingi za nyumbani zimeonyesha ujumbe mkubwa kwenye skrini, na swali limekuwa moja kila mahali: "Yaya, nifanye namna gani? Ninunue ingine?" Jibu linalosikika mara nyingi kwenye meza za mafundi ni hili: "Leta tu, tutaformate, tutakuwekea Windows 11, itaenda muzuri."

Jibu hilo linaweza kuwa sawa. Lakini fundi akiformate bila kuuliza swali moja, utalipa makuta kwa kitu ambacho ulikuwa nacho bure, na pengine TFC yako itapotea hapohapo. Swali lenyewe ni hili: leseni ya Windows ya mashini hii iko wapi?

Tuende polepole.

1. NI NINI KIMEISHA?

Windows 10 ilitoka 29 Julai 2015. Imeishi miaka kumi. Haikuzimika: ordinatere inawaka, Word inafunguka, printa inachapa. Kilichoisha ni masasisho ya usalama, yale ambayo yalikuwa yanakuja kila mwezi kuziba matundu. Kuanzia hapo tundu jipya likigunduliwa, Microsoft haitaliziba tena bure kwa kila mutu.

Mtu anaweza kusema, "Mimi niko na nini cha kuibiwa?" Kumbuka WannaCry, 12 Mei 2017. Ile programu haribifu ilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai malipo. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu lile tangu 14 Machi, karibu miezi miwili mbele. Mashini nyingi zilizoanguka zilikuwa za watu ambao hawakuweka sasisho, na WannaCry haikuchagua nani ni tajiri.

2. LESENI INAKAA WAPI?

Watu wengi wanafikiri leseni ni ile karatasi ndogo yenye namba, iliyobandikwa chini ya laptop. Hiyo ilikuwa zamani, wakati wa Windows 7. Leo iko na makao matatu.

Ya kwanza: ndani ya mashini yenyewe. Tangu Windows 8, mwaka wa 2012, watengenezaji kama HP, Dell na Lenovo wanaandika ufunguo wa tarakimu na herufi 25 kwenye chipu ya ubao mama. Ukiformate diski, ufunguo haufutiki, juu hauko kwenye diski. Ukiweka tena Windows ya aina ileile, inausoma yenyewe. Leseni hii inaitwa OEM. Inaishi na mashini na inakufa na mashini. Huwezi kuihamishia kwenye ingine.

Ya pili: kwenye seva za Microsoft. Hii ndiyo leseni ya kidijitali. Mashini ikishaaktiviwa mara moja, Microsoft inakumbuka alama za vipande vyake, hasa ubao mama. Siku ingine ukiweka Windows upya na kuunga intaneti, inatambuliwa. Ukiifunga na akaunti yako ya Microsoft, inakuwa rahisi zaidi kuirudisha siku ubao mama ukibadilishwa.

Ya tatu: ufunguo ulionunua mwenyewe dukani au kwenye tovuti ya Microsoft. Huu unaitwa Retail, na unaweza kuutoa kwenye mashini ya zamani na kuuweka kwenye mpya. Marekani, Windows 11 Home inauzwa dola 139 na Pro dola 199. Ukiona mtu anauza ufunguo "orijino" kwa dola mbili au tatu, jiulize ulitoka wapi. Mara nyingi ni ufunguo wa kampuni unaouzwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na siku Microsoft ikiufunga, muuzaji hutamwona tena.

Sasa angalia mashini zetu. Nyingi ni okazyoni: EliteBook, Latitude, ThinkPad, zilizofanya kazi kwenye ofisi za Ulaya au kwingine kabla ya kufika huku. Mashini za aina hii kwa kawaida zilitoka kiwandani na Windows Pro, ufunguo ukiwa ndani ya chipu. Ni kusema: pengine ulinunua laptop pamoja na leseni yake, na hakuna aliyekuambia.

3. ANGALIA MWENYEWE, DAKIKA TANO

Fungua "Paramètres", kisha "Mise à jour et sécurité", kisha "Activation". Ukisoma kwamba Windows imeaktiviwa na leseni ya kidijitali (licence numérique), umeanza vizuri. Soma pia aina: Home (Famille) au Pro. Iandike kwenye daftari.

Halafu bonyeza vitufe vya Windows na R pamoja, andika slmgr /dli, bonyeza Entrée. Kisanduku kitafunguka. Tafuta neno moja kati ya haya:

- OEM_DM: leseni ya kiwandani, iko ndani ya chipu.
- RETAIL: ufunguo wa dukani, ao leseni ya kidijitali iliyotokana na kupandisha Windows ya zamani.
- VOLUME_KMSCLIENT: hapa simama. Hii ni njia ya makampuni na vyuo vikubwa. Mashini inaaktiviwa na seva ya ndani ya kampuni kwa siku 180, halafu inapaswa kuomba tena. Laptop yako ya nyumbani haina seva ya kampuni. Kwa hiyo ama kampuni iliyokuwa nayo haikuisafisha, ama mtu alitumia aktiveta ya wizi.

Ukiandika slmgr /xpr utaona kama aktivesheni ni ya kudumu ao iko na tarehe ya kuisha.

Kukuta VOLUME hakumaanishi kwamba hauna leseni. Kuna mashini nyingi ambazo fundi aliweka Windows Enterprise na kuipasua, wakati ufunguo halali wa Pro umelala ndani ya chipu bila kutumiwa. Enterprise haiwezi kutumia ufunguo wa Pro wa kiwandani. Weka Pro safi, unga intaneti, na itaaktivika yenyewe.

4. MASHINI YAKO INAKUBALIWA?

Kupanda kutoka Windows 10 iliyoaktiviwa kwenda Windows 11 ni bure. Hakuna ufunguo wa kununua. Shida ni mashini yenyewe. Windows 11, iliyotoka 5 Oktoba 2021, inaomba RAM ya giga 4, diski ya giga 64, prosesa ya biti 64 iliyo kwenye orodha ya Microsoft, mfumo wa UEFI wenye Secure Boot, na chipu ya usalama TPM 2.0.

Kwenye prosesa ndipo wengi wanakwama. Kwa Intel Core, kwa jumla inatakiwa kizazi cha nane na kuendelea. Kwa AMD, Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea. Kizazi kinasomeka kwenye jina: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane, i7-10610U ni cha kumi. Ndio maana EliteBook 840 G3 inakataliwa na G5 inakubaliwa, na ThinkPad T470 inakataliwa wakati T480 inapita. Ukienda kununua okazyoni, namba hiyo ndiyo ya kuuliza mbele ya bei.

Programu ya bure ya Microsoft inayoitwa PC Health Check itakuambia yote. Lakini usikate tamaa haraka ikisema hapana. Kama prosesa inafaa, pengine TPM imezimwa tu kwenye BIOS (kwa Intel inaweza kuandikwa PTT, kwa AMD fTPM). Ao fundi wa zamani aliweka Windows kwa mtindo wa Legacy badala ya UEFI. Hiyo inatengenezwa bila kuformate, kwa chombo mbr2gpt kilicho ndani ya Windows 10 yenyewe. Mwambie fundi neno hilo. Kama halijui, tafuta mwingine.

5. SAFARI YENYEWE

Kwanza, kopi. TFC, memwari, picha za familia, skani za diploma: weka kwenye diski ya nje, na kopi ingine mahali pengine. Kopi iliyo kwenye diski D ya mashini ileile haihesabiki.

Pili, BitLocker. Kama diski yako imefungwa kwa siri, kugusa BIOS kunaweza kufanya mashini iombe ufunguo wa tarakimu 48. Bila huo, data haifunguki, hata kwa fundi bora wa mji. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, andika ule ufunguo kwenye karatasi, kisha simamisha BitLocker kwa muda kabla ya kugusa kitu.

Tatu, umeme. Batri ijae na chaja iwe imeungwa. Mwenye ordinatere ya mezani bila ondulere asianze saa ambayo SNEL inazoea kukata. Mashini ikizimika katikati, Windows mara nyingi inajaribu kurudi nyuma, lakini usiitegemee.

Nne, intaneti. Faili la Windows 11 linapita giga 5. Kwa forfe zetu, hiyo si kidogo. Muungane watu watano: mmoja alishushe mara moja kutoka tovuti ya Microsoft, aliweke kwenye kle USB ya giga 8 au zaidi, wengine wapokezane. Ni halali kabisa, juu leseni haiko ndani ya kle. Kila mashini inatumia ya kwake. Chagua lugha ileile ya Windows uliyo nayo: kama ni ya Kifaransa, shusha ya Kifaransa, la sivyo haitakubali kuhifadhi programu zako.

Tano, usiwashe mashini kupitia kle. Fungua Windows 10 kama kawaida, ingia kwenye kle, bonyeza "setup", na uchague kuhifadhi mafaili na programu. Hapo hakuna kuformate, na aktivesheni inavuka pamoja nawe. Kama unalazimika kuweka upya kabisa, wakikuomba ufunguo chagua "Je n'ai pas de clé de produit", kisha aina ileile uliyoandika kwenye daftari. Ukishaingia, unga intaneti na usubiri.

Usipopendezwa, uko na siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia "Récupération". Zikipita, ile ya zamani inafutwa.

6. KAMA MASHINI IMEKATALIWA KABISA

Usiitupe. Microsoft imefungua programu ya kuongeza masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026, kwa mashini za nyumbani zenye toleo 22H2 (andika winver ulione). Kiungo cha kujiandikisha kiko kwenye ukurasa wa Windows Update. Unaweza kulipa dola 30 mara moja, ao kutumia pointi 1000 za Microsoft Rewards, ao kutolipa kitu kama unakubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Leseni moja ya namna hiyo inafikia mashini 10: familia nzima.

Njia ingine ni Linux Mint au Ubuntu. Ni bure, hazina aktivesheni, na zinaenda vizuri kwenye mashini za zamani. LibreOffice inafungua Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo. Kama unatumia AutoCAD au programu ya hesabu ya Windows peke yake, fikiri kwanza.

Kuna pia mbinu za kulazimisha Windows 11 kwenye mashini iliyokataliwa. Zinafanya kazi, lakini Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashini hizo, na masasisho ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta.

7. NA AKTIVETA YA BURE?

Tuseme wazi. Zile programu za kupasua zinaanza na sharti moja: "zima kwanza antivirusi." Fikiria mtu asiyemjua mlinzi wako anakuomba umfukuze mlinzi ndiyo aingie kukusaidia. Familia ya programu haribifu inayoitwa STOP, ao Djvu, imeenea miaka hii hasa kupitia programu zilizopasuliwa na vitengeneza funguo. Inafunga mafaili yote na kuacha barua ya kudai dola. Mwanafunzi aliyebakiza wiki mbili kufika mbele ya juri atalipa na nini?

Kumbe, Windows isiyoaktiviwa haizimiki. Itaandika maneno kwenye kona ya skrini na kukunyima kubadilisha rangi na picha, lakini masasisho ya usalama yanaendelea kufika. Haiko hali ya kukaa nayo, juu masharti yanaomba leseni. Ila wiki chache za kuvumilia yale maneno ya konani ni bora kuliko usiku mmoja wa aktiveta.

Kwa hiyo, ndugu, leo jioni fungua ule ukurasa wa "Activation", andika aina na neno la slmgr kwenye daftari, fanya kopi ya kazi zako. Ukifika kwa fundi na mambo hayo matatu mkononi, hautamwambia tena "fanya unavyoona". Utamwambia: "Leseni iko ndani ya chipu, ni Pro, usiformate." Na fundi wa kweli atafurahi, juu umemrahisishia kazi.