Horde: Msalaba Uliogeuzwa Wageuzwa Tena (Sehemu ya 3)

Juma lililopita tuliishia kwa Trouble ya Chicago, bendi ambayo mwaka 1984 ilinadiwa kwa jina la "metali nyeupe" ili itofautishwe na wenzake waliojinasibu na shetani. Leo twende Australia, kwa bendi ya mtu mmoja.

Mwaka 1994 kampuni ya Nuclear Blast ya Ujerumani ilitoa albamu iitwayo Hellig Usvart, ya bendi ya Horde. Mwanamuziki wake alitajwa kwa jina la Anonymous, basi. Hakuwa akitafuta kiki, bali alikuwa akijihadhari, kwa kuwa albamu yenyewe ni ya Kikristo. Miaka hiyo vijana wa blaki metali, mtindo uliojinasibu na shetani, nchini Norway walikuwa wamevuka mipaka ya jukwaa. Tarehe 6 Juni 1992 kanisa la mbao la Fantoft, mjini Bergen, lililojengwa karne ya 12, liliteketezwa kwa moto, na picha ya magofu yake ikatumika kuwa jalada la rekodi ya Burzum. Mwenye Burzum, Varg Vikernes, alimuua mwanamuziki mwenzake Agosti 1993, na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 21 kwa mauaji hayo na kwa kuchoma makanisa kadhaa.

Aliyejificha nyuma ya Horde ni Jayson Sherlock, aliyekuwa mpiga drams wa Mortification, bendi ya Kikristo ya Melbourne. Alipiga ala zote na kuimba mwenyewe. Msomaji aliyezoea kwaya atashika masikio: gita zinachapwa mfululizo hadi noti zinageuka mvumo, drams zinakimbia kama cherehani ya fundi mwenye oda ya harusi, sauti ni ya kukwaruza, na rekodi imeachwa ikiwa chafu kwa makusudi. Ndivyo blaki metali inavyotakiwa iwe.

Ujanja wenyewe umo katika majina ya nyimbo. Vijana wale wa blaki metali walitundika msalaba kichwa chini. Wimbo mmoja wa Horde, Invert the Inverted Cross, unaamuru msalaba huo ugeuzwe tena. Wao waliimba juu ya bikira anayetolewa kafara. Sherlock akaandika wimbo wa kumfungua binti huyo na kumvisha nguo. Pembe za mbuzi, alama waliyoipenda mno, anazivunja. Hakuna ishara yao aliyoiacha ilivyokuwa, ila muziki hakuugusa hata kidogo.

Kwa maoni yangu gita za albamu hii ni za kawaida tu, na nyimbo mbili tatu zinafanana kupita kiasi. Kinachoibeba ni drams, na hapo hata mpinzani hana la kusema. Kazi mbovu ingechekwa na kusahaulika. Hii ilikasirisha: inaelezwa kwamba kampuni ilitumiwa vitisho vya kuuawa, watu wakitaka kujua ni nani waliomo kwenye bendi. Mahubiri yaliyotoka nje ya uwanja wao wangeyapuuza, lakini haya yalipigwa kwa mtindo wao wenyewe, na kutolewa na kampuni waliyoiheshimu.

Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla Horde haijapanda jukwaani Oslo, mwaka 2006, Sherlock akisaidiwa na wanamuziki wa bendi ya Kinorway ya Drottnar. Juma lijalo tutabaki Norway, kwa bendi ya Antestor, ambayo haikuwa na bahari ya kuitenganisha na wachomaji.