Je, Meno Yaweza Kunyooshwa Upesi Zaidi?

Juzi mama mmoja alinijia kliniki na binti yake wa miaka 14. Msichana amefungwa vyuma vya kunyoosha meno, vile vijana huviita bresi, na daktari amesema atavivaa kwa miaka 2 hivi. Mama amechukua mkopo wa chama ili kulipia, na kila wakienda ni nauli tena. Akaniuliza, "Sista, hakuna njia ya kuharakisha?"

Hebu kwanza tuelewe kwa nini jambo hili huchukua muda. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya mzizi wake na mfupa pana utando mwembamba wenye mishipa ya damu. Waya unaposukuma jino polepole, upande unaobanwa mwili huyeyusha mfupa kidogo kidogo, na upande wa pili hujenga mfupa mpya. Jino basi husafiri pamoja na shimo lake, kwa mwendo wa kama milimita 1 kwa mwezi. Ikiwa jino liling'olewa ili nafasi ipatikane, pengo lake huwa la milimita 7 hivi. Piga hesabu mwenyewe, mama, na hiyo ni kazi moja tu kati ya nyingi.

Wengine hudhani waya ukikazwa sana meno yatakimbia. Sivyo. Ukibana kupita kiasi, damu haipiti katika ule utando, sehemu ile hufa, na jino hukwama kwa majuma kadhaa. Zaidi ya hayo, mzizi unaweza kuliwa na kubaki mfupi, na mzizi ukishaliwa haukui tena. Kwa hivyo usimsukume daktari akaze zaidi.

Njia za kuharakisha zipo, lakini hazilingani. Mwaka wa 2001 madaktari wawili ndugu wa Marekani, William na Thomas Wilcko, walieleza upasuaji ambapo ufizi hufunguliwa na mfupa hukatwa mikato midogo juu juu. Mfupa unapopona huwa mwepesi kupitisha meno kwa miezi michache, kisha hurudi hali yake. Upasuaji huo una uvimbe, maumivu na gharama yake, na mara nyingi hufanyiwa watu wazima. Wengine hutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa bila kufungua ufizi, lakini matokeo yake yamekuwa ya kupishana. Kuna pia vifaa vya kuuma vinavyotetemesha meno, kwa kawaida dakika 20 kila siku, na kuna mwanga wa leza. Wachunguzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba, waliziangalia njia hizi zisizo za upasuaji mwaka wa 2015 na tena 2023. Hawakupata uthibitisho wa kutosha kwamba zinapunguza muda kwa kiasi cha maana. Mimi pesa zangu nisingezitoa huko.

Kinachochelewesha watoto wetu mara nyingi ni mambo ya nyumbani. Mtoto anaguguna mahindi ya kuchoma au muwa, kibati kimoja kinabanduka kwenye jino, na mama anangoja siku ya kliniki ifike. Muda huo wote jino lile halisogei, au linarudi nyuma. Piga simu siku hiyo hiyo. Kama amepewa mipira midogo ya kuvuta meno ya juu na ya chini, aivae saa zote alizoambiwa, hata akicheka na wenzake. Apige mswaki kila baada ya mlo, maana fizi zikivimba daktari hulazimika kusimamisha kazi. Akiumwa baada ya waya kukazwa, paracetamol kwa kipimo cha umri wake inatosha; uliza kabla ya kumpa ibuprofen, kwani imewahi kuonekana kwa wanyama kupunguza mwendo wa meno.

Na vyuma vikitoka, kuna kifaa cha kushikilia meno pale yalipofika. Akikiacha, meno yatarudi, na mkopo wenu umekwenda bure.

Sasa nizungumzie lile linalonitia hofu. Kuna watoto wanaojifunga rababendi, ile ya kufungia noti, kwenye meno 2 ya mbele ili kuziba mwanya haraka. (Huku kwetu mwanya ni urembo, sijui wameambiwa na nani!) Mtoto wa miaka 8 au 9 kuwa na mwanya ni kawaida, mara nyingi hujifunga wenyewe machonge yanapoota, akiwa na miaka 11 au 12. Jino ni jembamba kuelekea kwenye mzizi, hivyo mpira huteleza ukaingia chini ya ufizi, ukaendelea kupanda na kukata kile kinachoshikilia jino. Meno mazima kabisa hulegea, na huweza kung'oka. Ukiona mpira umepotea na fizi za mbele zimevimba, usichokore. Mpeleke kwa daktari wa meno siku hiyo, na umtajie mpira waziwazi, kwa sababu kwenye picha ya eksirei kwa kawaida hauonekani.