Kuhesabu Vimondo

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za vimondo, na hasa habari ya kazi moja ambayo mtu ye yote mwenye macho, saa, karatasi na kalamu aweza kuifanya, ikawafaa wataalamu wa mbali. Kazi hiyo ni kuhesabu.

Kwanza yatupasa kujua kimondo ni nini. Watu husema, "Nyota imeanguka." Lakini ukitazama tena, kila nyota utaikuta mahali pake. Kimondo si nyota. Ni chembe ya jiwe, mara nyingi ndogo kama punje ya mchanga, au pengine kama choroko. Chembe hizo hulizunguka jua, nasi hatuzioni. Zikikutana na dunia huingia hewani kwa mwendo wa ajabu. Zile za mwezi wa Desemba huenda kilomita 35 kwa sekunde moja. Kwa mwendo huo mtu angetoka Dar es Salaam akafika Morogoro kabla ya sekunde sita kutimia. Hewa iliyo mbele ya chembe hubanwa ghafula ikawa moto mkali, na chembe huungua ingali juu, kilomita 80 hivi au 100. Mstari ule wa nuru ndio kimondo.

Labda mtu atauliza, je, zaweza kutuangukia? La, chembe hizi huisha angani. Kinachofika chini ni pande kubwa, nalo ni jambo la nadra. Mfano wake uko Mbozi, katika mkoa wa Songwe: pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi. Wenyeji walilijua tangu zamani, na habari zake zilienea kwa wageni tangu mwaka 1930. Lakini hilo si katika jamaa ya vimondo vya Desemba.

Kila mwaka, kama tarehe 13 na 14 Desemba, katika joto letu, dunia hukata njia ya chembe zilizotoka katika jiwe kubwa la angani liitwalo Phaethon, lililogunduliwa mwaka 1983. Vimondo vyake huonekana kama kwamba vyote vimetoka penye nyota za Mapacha, kama vile vyuma viwili vya reli vinavyoonekana kukutana mbali, ingawa havikutani kamwe. Saa tano za usiku elekea mashariki. Juu utaziona nyota tatu zilizopangana mstari mmoja. Chini yake, upande wa mkono wako wa kushoto, utaona nyota mbili zing'aazo zilizo karibu karibu. Hizo ndizo Mapacha. Saa nane za usiku huwa zimepanda juu, na vimondo huzidi.

Sasa, mahali pa kutazamia. Katikati ya Kinondoni na Temeke taa za barabara na za maduka zimezificha nyota nyingi. Afadhali kwenda pembezoni, kama Mabwepande au Chamazi, penye uwanja na giza. Usiende peke yako, tena mwarifu kwanza mwenyekiti wa mtaa. Maana watu waliolala chini usiku wa manane huweza kudhaniwa kuwa wezi, au wachawi.

Tandika mkeka, ulale chali, uvae nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Macho huhitaji dakika 20 au 30 kulizoea giza, na mwanga wa simu huyaharibu mara moja. Basi tumia tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza, na kama mwezi au mawingu ya vuli yaliziba mbingu. Kila uonapo kimondo, fuata njia yake kwa kurudi nyuma. Ikielekea penye Mapacha, andika M. Isipoelekea, andika N.

Jambo kuu ni kuandika ulichokiona, wala si ulichotumaini kukiona. Mwenzako akipiga kelele, "Kile!" nawe hukukiona, usikihesabu, kila mtu na hesabu yake. Na nusu saa ikipita pasipo kimondo, andika sifuri, maana sifuri nayo ni habari. Hesabu iliyoongezwa ili kupendeza ni mbaya kuliko kutohesabu kabisa, kwa kuwa hapana awezaye kuisahihisha baadaye: usiku ule umekwisha pita.

Hesabu hizo si mchezo. Chama cha Kimataifa cha Vimondo, kilichoanzishwa mwaka 1988, huzikusanya kutoka nchi nyingi, na kwazo wataalamu hujua kama chembe zinazidi au zinapungua mwaka hata mwaka. Watazamaji wa Afrika ni wachache, na Desemba Ulaya mara nyingi huwa na mawingu. Kwa hiyo karatasi moja ya kwetu ina thamani.

Basi, walimu, wagawanyeni watazamaji wenu makundi mawili, pamoja na watu wazima wa kuwaangalia. Kundi moja likae mjini, la pili pembezoni, usiku ule ule na saa zile zile. Penye giza jema mtu aweza kuona vimondo 50 kwa saa. Mjini huenda asipate hata 10. Asubuhi toeni hesabu moja katika nyingine. Kitakachobaki ni kipimo cha mbingu ambayo taa zetu zimetuficha, nanyi mtakuwa mmekipima wenyewe.