Kigari cha Rimoti Kijifunze Kukata Kona

Mpe mtoto wa Majengo kigari cha rimoti siku ya Idd, na kabla jua halijatua atakuwa ameshakigonga ukutani. Vichochoro vya mtaa huu ni vyembamba, na kigari chenyewe kwenye kona kinajua mambo mawili tu: kukata yote kushoto au kukata yote kulia. Watu wazima humlaumu mtoto. Mimi naulaumu umeme wa usukani.

Kifungue. Mbele utakuta mota ndogo ikivutana na springi. Ukibonyeza kushoto, mota huvuta mpaka mwisho na kukwama hapo, huku ikiendelea kunyonya betri. Ukiachia, springi hurudisha magurudumu katikati. Vigari vingi vya bei nafuu vya megahezi 27 hutumia chipu za TX-2 (ndani ya rimoti) na RX-2 (ndani ya kigari), na shina la tatizo liko hapo: agizo hutumwa kwa mapigo ya kuhesabika. Mapigo 58 ni kushoto, 64 ni kulia. Hakuna hesabu ya kukata kidogo, kwa hiyo fundi akibadilisha mota peke yake, kigari kitaendelea kugonga ukuta.

Dawa ni kuondoa mota na springi, ukaweka sevo. Hata ile ndogo ya gramu 9 ina mota, giya, saketi na kidude cha kuzungusha cha aina ileile inayopandisha sauti ya redio. Kidude hicho huieleza saketi magurudumu yameelekea wapi. Saketi hulinganisha na agizo lililokuja, kisha huzungusha mota mpaka yalingane. Agizo ni pigo la umeme linalorudiwa kila milisekunde 20. Likidumu milisekunde 1.5, magurudumu hukaa katikati. Likishuka kuelekea 1 hukata upande mmoja, likipanda kuelekea 2 hukata upande wa pili.

Pigo hilo litoke wapi? Unaweza kununua rimoti ya gigahezi 2.4 yenye usukani wa kuzungusha, ila bei yake huenda ikaipita ya kigari chenyewe. Napendelea ubao mdogo wa Arduino wa volti 3.3. Arduino ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi, na kwa kazi kama hii inafaa hasa. Ubao huunganishwa na pini za kushoto na kulia za RX-2, na programu fupi huongeza pembe polepole kadiri kitufe kinavyobonyezwa. Mguso mfupi hukata kidogo, mrefu hukata zaidi.

Umeme wa sevo usitoke kwenye ubao, kwa sababu mota ikishtuka ubao unaweza kuzimika katikati ya kona. Utoke moja kwa moja kwenye betri, hasi za vyote ziunganishwe pamoja, na kapasita ikae karibu na sevo.

Fundi anayetengeneza redio anaiweza kazi hii. Ningependa sana aifanye mtoto akiwa pembeni, na mtoto ndiye aandike namba za pembe. Aanze na digrii 15 kila upande. Kigari kikipita kichochoroni bila kugusa ukuta, aongeze.