Glisini: Asidi Amino Inayoamsha na Kutuliza Seli za Ubongo

Shina la ubongo ndilo linalounganisha ubongo na uti wa mgongo, na humo ndimo inamotoka amri ya kupumua hata mtu akiwa usingizini. Seli zake za neva huamshana kwa glutamati, ambayo ni asidi amino. Hata hivyo, glutamati pekee haitoshi.

Mwaka 1987, watafiti Jon Johnson na Philippe Ascher, wakiwa Paris, Ufaransa, walionesha kuwa kipokezi kiitwacho NMDA, kimojawapo cha vipokezi vya glutamati, huitikia kwa nguvu zaidi palipo na asidi amino nyingine, glisini. Ni mfano wa kasha la funguo mbili.

La ajabu ni kwamba katika shina la ubongo glisini hiyohiyo ina vipokezi vyake yenyewe, ambavyo huruhusu ioni za kloridi kuingia katika seli na kuituliza.

Uzito wa jambo hili huonekana kwa watoto wachanga wenye kasoro adimu ya kurithi inayozuia mwili kuvunja glisini. Glisini inapozidi, shina la ubongo hutulizwa kupita kiasi na mtoto huweza kuacha kupumua. Wakati huohuo vipokezi vya NMDA huchochewa mno, na degedege hufuata. Ndiyo maana madaktari hutumia dawa mbili: benzoeti ya sodiamu, inayopunguza glisini mwilini, na dekstromethofani, ijulikanayo zaidi kama dawa ya kikohozi, ambayo huziba vipokezi vya NMDA. Matibabu hayo huweza kupunguza degedege. Kasoro yenyewe hubaki.